Theluji ya Kilimanjaro siyo inayojaza mfereji wako

Kwenye vikao vya watumia maji wa Bonde la Pangani, kuanzia Hai hadi Korogwe, hakosekani wa kusimama na kusema: "Maji yamepungua kwa sababu theluji inaisha. Ikiisha, ndiyo basi." Ukumbi mzima unaitikia. Kauli hii inanikera kuliko zote, kwa sababu ikishakubaliwa hakuna tena cha kujadili: kosa ni la mlima.

Kweli theluji inaisha. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Leo hazifiki 2. Lakini barafu hiyo haikuwahi kuilisha mito yetu kwa kiasi cha maana. Kule Kibo, kilele chenye barafu hiyo, ni baridi na hewa ni kavu mno, kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke bila kupitia hali ya maji. Weruweru, Kikuletwa na chemchemi za tambarare hutegemea mvua ya msituni. Upande wa kusini, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi, hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo huzama kwenye miamba ya volkano, ikaja kuibuka chini, nyingine baada ya miaka mingi.

Msitu wa juu nao hunasa ukungu na kuudondosha ardhini. Moto umeuteketeza sana tangu miaka ya 1970, na mabadiliko ya tabianchi yanaufanya mlima kuwa mkavu zaidi na rahisi kushika moto. Maji ya ukungu tuliyopoteza hivyo ni mengi kuliko yote ambayo barafu ingetupa. Anayelilia theluji huku akiwasha moto wa kurina asali msituni anakausha mfereji wake mwenyewe.

Halafu kuna mgawo. Joto likipanda, mahindi na mpunga vinadai maji zaidi, na bwawa la Nyumba ya Mungu linapoteza mengi kwa jua. Hapo ndipo tunapotakiwa kukaa pamoja, wa juu na wa chini, na kupangiana zamu.

Vikaoni nasikia pia hoja nyingine. "Mfongo ni wa ukoo wetu." Mfongo, yaani mfereji wa jadi wa Wachagga, mmeuchimba na kuutunza, na ninaheshimu kazi hiyo. Ila Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji ni ya umma. Kibali kinakupa haki ya kutumia, hakikupi umiliki, na matumizi ya nyumbani yanatangulia, yakifuatiwa na mazingira, ndipo shughuli nyingine. Nami nitaendelea kusisitiza lile ninalolisema kila mahali: wekeni geti na kipimo kwenye kila banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, na igeni ndiva za Wapare, yaani mabwawa yao madogo ya kuhifadhi maji. Ndiva hujazwa usiku, asubuhi inafunguliwa kwa zamu. Mfereji wa udongo unaoachwa wazi usiku kucha hauna utetezi.

"Maji yanayofika baharini yamepotea." Hapana. Kabla ya kufika huko yanazungusha mitambo ya Hale na New Pangani Falls. Na mto ukidhoofika, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini, wakulima na wavuvi wa Pangani wakaumia. Waulizeni wenyewe.

"Bwawa jipya litamaliza tatizo." Bwawa linahifadhi maji yaliyolifikia. Wa juu wakiyamaliza, litahifadhi nini?

"Kenya haituhusu." Hili nalisikia hata kwa viongozi. Mto Lumi unaanzia mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro, unaingia Taveta nchini Kenya, unamwaga maji yake katika Ziwa Jipe ambalo mpaka unapita ndani yake. Kutoka Jipe maji yanarudi kwetu kwa mto Ruvu hadi Nyumba ya Mungu, yanakochotwa kwa ajili ya mradi wa Same na Mwanga. Chemchemi ya Njoro Kubwa, wanakonywesha na kumwagilia watu wa Taveta, nayo inalishwa na mlima huohuo. Msitu ukiungua Rombo, Taveta wanaathirika. Taveta wakichepusha Lumi au tope na matete yakiziba Jipe, mwenye bomba kule Mwanga anaathirika. Kwa hiyo jumuiya za Rombo, Taveta na Mwanga zikutane kabla ya kiangazi, kila moja ikiwa na vipimo vyake vya mto vilivyosomwa siku zilezile, na zamu zipangwe kwa vipimo hivyo.