Kujaza Risasi Upya: Watu Huogopa Kopo la Baruti, Mtutu Ndio Unaoua

Mtu akiambiwa kwamba jirani yake anajaza maganda ya risasi mwenyewe, picha inayomjia ni nyumba nzima kupaa hewani. Hofu ipo, ila imeelekezwa pasipo. Meza ya kujazia ni mahali pa kimya, pa mizani na taa, na kosa likifanyika pale mara nyingi halitoi hata cheche. Linafungwa ndani ya ganda, linatiwa kwenye boksi, linasubiri siku ya shabaha. Siku hiyo chemba ya bunduki, pale risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, iko kiganja kimoja tu kutoka usoni. Dhana nyingi zinazozunguka kazi hii huogopa kisichostahili na kuamini kisichoaminika.

Nachukulia kwamba msomaji yuko mahali ambapo sheria inamruhusu. Nchi nyingi zinakataza kabisa, au zinadai kibali cha pekee, na hilo linatangulia mengine yote.

Dhana: "Baruti ikikaa vibaya italipuka yenyewe"

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi, ile iliyoanza na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ikishika moto mahali pa wazi huungua kwa mwali mkali na kwisha. Si kitu cha kuchezea, lakini tabia yake hubadilika hasa inapofungiwa. Ndani ya chemba, kadiri mgandamizo unavyopanda ndivyo inavyoungua kwa kasi zaidi, na kasi hiyo inaupandisha mgandamizo tena. Mzunguko huo ndio nguvu ya bunduki. Ndio pia unaopasua mtutu pale hesabu inapokosewa.

Kilipuzi cha kweli hapo mezani ni fataki. Imetengenezwa ilipuke kwa kugongwa, na haiulizi imegongwa na nani. Kiwandani hupangwa kila moja kwenye kijishimo chake ili moja ikilipuka isiziamshe nyingine. Mtu anayezimimina zote kwenye chupa ya kioo ili apate nafasi kabatini ameiondoa kinga hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Ziache kwenye pakiti zake, na vaa miwani ya kinga kila unapozigandamiza kwenye ganda. Kisha pitisha kidole kitakoni: fataki iliyozama sawasawa haikwaruzi. Iliyojitokeza itenge, kwa sababu kwenye bunduki inayojikoki yenyewe inaweza kugongwa kabla chemba haijajifunga sawasawa.

Dhana: "Baruti ni baruti"

Baruti nyeusi ya magobori hupimwa kwa ujazo, na silaha zake zimeundwa kuhimili mgandamizo mdogo. Chukua kipimo kilekile, ujaze baruti isiyotoa moshi, na gobori litakupasukia mkononi. Hata zile zisizotoa moshi zenyewe haziko sawa: zipo zinazoungua upesi kwa ajili ya bastola, zipo za pole pole kwa ajili ya bunduki ndefu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kopo moja tu liwe juu ya meza. Baruti iliyobaki kwenye mashine irudi koponi kabla hujainuka, maana ukiikuta wiki ijayo itakuwa haina jina tena, na hapo kinachofaa ni kuiharibu kwa njia salama badala ya kuikisia kwa rangi.

Dhana: "Nikijaza mara mbili nitaiona ikifurika"

Katika maganda mengine, ndiyo. Katika mengine, hata kidogo. Ganda la .38 Special, risasi ya rivolva, lilibuniwa mwaka 1898 kwa ajili ya baruti nyeusi, inayohitaji nafasi kubwa. Leo, kipimo sahihi cha baruti nyingine za bastola hufunika chini tu ya ganda hilo, na ukirudia mara mbili au hata tatu bado kuna nafasi ya kukaza kichwa juu yake. Kwa nje risasi hiyo haina alama yoyote.

Kosa lenyewe huingia hivi: maganda hamsini yamesimama kwenye trei, mtu amefika la ishirini na tatu, simu inaita. Akirudi anaanzia ishirini na tatu badala ya ishirini na nne. Kwenye mashine inayofanya hatua kadhaa kwa mvuto mmoja wa mkono, mkwamo mdogo unaomfanya arudishe mkono nyuma unatosha kulijaza ganda lilelile tena.

Dawa yake ni nafuu kuliko vifaa vyote vya mezani. Kabla ya kuweka kichwa hata kimoja, inua taa juu ya trei na uangalie ndani ya kila ganda. Macho hushika tofauti ya kimo haraka, kwa sababu yaliyo sawa yako mengi na lililokosewa liko moja. Kama umekatizwa na hukumbuki ulipoishia, mwaga yote na uanze upya. Wengine hudhani watalikamata kosa baadaye kwa kupima uzito wa risasi iliyokamilika. Kwa bastola usitegemee hilo: maganda na vichwa vyenyewe hutofautiana uzito kiasi cha kuificha tofauti ya baruti.

Dhana: "Nikizidisha, ganda litanionya"

Hii nadhani ndiyo inayowapata wale waliokwisha zoea. Wamesikia kwamba fataki ikibonyea na kuwa bapa baada ya kufyatua, basi mgandamizo umezidi, na kwamba isipobonyea mambo ni salama. Tatizo ni kwamba shaba nyeupe ya ganda huanza kuonyesha dalili kwenye mgandamizo wa juu sana, wa kiwango cha raifo zenye nguvu. Bastola nyingi zinaishiwa uvumilivu kabla ya hapo.

Tazama namba za SAAMI, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1926 kuweka viwango vya silaha na risasi. Kikomo cha .38 Special ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba. Cha .357 Magnum, ambayo kichwa chake kina kipenyo kilekile, ni 35,000. Ganda la .357 lilirefushwa zaidi ya milimita tatu kwa makusudi, lisije likaingia kwenye rivolva dhaifu. Sasa mtu akiijaza .38 mpaka ifike 30,000, fataki inaweza kubaki na sura yake ya kawaida huku silinda ikiwa imebebeshwa karibu mara mbili ya mzigo wake.

Kwa hiyo kinachofuatwa ni jedwali lililochapishwa na mtengenezaji wa baruti, lililopimwa kwa mitutu yenye vipimo vya mgandamizo. Desturi ni kuanza asilimia 10 chini ya kikomo na kupanda kidogo kidogo. Ukibadilisha kitu kimoja, aina ya fataki, kichwa, hata ganda la kijeshi lenye kuta nene, unarudi chini kuanza tena. Kina cha kichwa nacho ni kipimo: katika ganda dogo kama la 9 mm, kichwa kikisukumwa ndani kupita kiasi kinapunguza nafasi ya baruti na mgandamizo unaruka. Wala kupunguza bila mpaka si usalama. Baruti nyingine za pole pole zikijazwa chini ya kiwango kilichoandikwa haziwaki vizuri, na kichwa hubaki njiani.

Dhana: "Haikulia vizuri, koki tena ufyatue"

Hapa ndipo vidole hukatika. Kila aliyezoea silaha yake anajua mlio wake na teke lake begani. Ikitokea ukabonyeza triga na kilichotoka ni "pu" dhaifu, teke halipo, labda moshi kidogo unachungulia kwenye chemba, simama. Inawezekana ganda halikuwa na baruti kabisa, na fataki peke yake imekisukuma kichwa sentimita chache na kukiacha kimekwama ndani ya mtutu. Bastola inayojikoki huenda isitoe ganda, na mkono uliozoeshwa kuondoa mkwamo haraka utaigonga, utaikoki, utafyatua. Risasi ya pili inakutana na kizuizi, gesi inakosa pa kupita, mtutu unavimba au unapasuka.

Kwa hiyo: mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, toa magazini, toa risasi zote, fungua silaha, kisha hakikisha mtutu uko wazi mwisho hadi mwisho. Kijiti cha mbao au cha shaba kikipita bila kugonga kitu, sawa. Kisipopita, siku ya shabaha imekwisha kwa silaha hiyo.

Ukibonyeza na isilie kabisa, ni jambo jingine. Fataki huenda inaungua polepole na italipuka baadaye kidogo. Subiri angalau sekunde 30, mtutu ukiwa palepale, ndipo ufungue. Usiichungulie.

Dhana: "Ikiingia kwenye chemba, ni yake"

Shotigani ya kipimo cha 12 ina mtutu mpana kuliko ya 20. Risasi ya 20 ikitumbukizwa kwenye 12 huteleza, hupita chemba na kukwama mbele yake, mahali ambapo jicho halioni. Mwindaji anadhani hajajaza, anaweka ya 12 nyuma yake. Ndiyo sababu maganda ya 20 hutengenezwa ya njano: mfuko wa koti usichanganye rangi mbili. Kwenye raifo, risasi iitwayo .300 Blackout imetokana na ganda la .223 lililokatwa, hivyo inakaa kwenye magazini zilezile, ila kichwa chake kina kipenyo cha takriban milimita 7.8 na kinasukumwa kwenye mtutu wa 5.7. Bunduki zimepasuka kwa hilo. Wenye zote mbili hutenganisha magazini kwa rangi, na siku ya kutoka hubeba aina moja.

Dhana: "Nimetoa magazini, kwa hiyo ni tupu"

Risasi iliyokwisha ingia chemba haitoki na magazini. Utaratibu ni magazini kwanza, kisha vuta nyuma slaidi, yaani chuma cha juu cha bastola kinachoteleza, kisha angalia kwa macho na uguse kwa kidole. Ukigeuza mpangilio, ukavuta slaidi kwanza, umeingiza risasi nyingine mwenyewe. Jeff Cooper, mwanajeshi wa Marekani aliyefundisha vizazi vya wafyatuaji, alianza kanuni zake nne na hii: kila bunduki ihesabiwe kuwa imejazwa. Nyingine ni kutoielekeza pale usipokuwa tayari kuharibu, kidole kikae nje ya triga mpaka uwe umelenga, na kujua shabaha yako na kilicho nyuma yake. Swichi ya usalama haimo kwenye orodha hiyo, nayo ni chuma kinachochakaa kama kingine.

Risasi za kelele, zisizo na kichwa, nazo hazina huruma kwa karibu. Mwigizaji Mmarekani Jon-Erik Hexum alikufa mwaka 1984 baada ya kuiweka kichwani rivolva yenye risasi hizo. Mlipuko wake ulitosha kuvunja fuvu.

Dhana: "Ganda liking'aa ni zima"

Kung'arisha huondoa uchafu tu. Ganda la raifo lililotumika mara nyingi hunyooka na kuwa jembamba karibu na kitako, na siku moja hukatika hapo, gesi ikirudi nyuma. Tafuta mstari unaong'aa ukizunguka ganda sehemu hiyo. Kisha kunja ncha ya waya mwembamba, uiingize ndani na uivute juu taratibu ukikwaruza ukuta. Ikinasa kwenye mfereji, ganda hilo ni la kusagwa.

Vumbi la kung'arishia lina jambo lake pia: fataki nyingi zina kemikali za madini ya risasi, na vumbi hilo huvutwa puani. Lisipepetwe ndani ya nyumba, watoto wasiwe karibu, usile wala kuvuta sigara mezani, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika kingine.

Zipo pia risasi za zawadi. Rafiki anakupa mfuko wa alizojaza mwenyewe, boksi halina tarehe, aina ya baruti wala kipimo. Mkatalie kwa adabu. Kuzifyatua ili ziishe ndiyo njia mbaya kuliko zote, na kuzimiminia mafuta ukidhani fataki zimekufa si jambo la kutegemea. Mwenye kifaa cha kung'olea vichwa azifungue moja moja akiwa na miwani, au zipelekwe polisi. Watengenezaji wengi wa silaha huandika kwenye kijitabu chao kwamba dhamana haigusi bunduki iliyoharibiwa na risasi za kujazwa upya, hata kama aliyejaza ni wewe.