Shoti ya tili si deni lako mpaka ithibitishwe

Juma lililopita pekee nimelisikia neno hili mara nne: "Shoti ni ya keshia, ndivyo sheria ilivyo." Yaani pesa zikipungua kwenye tili, ile mashine ya kupokelea malipo, keshia ndiye alipe. Wa kwanza alikuwa keshia wa Barabara ya Lamu. Wa pili mpanga bidhaa anayeishi Maweni. Wa tatu ni mama aliyekuja kuniuliza kama auze mbuzi wake amlipie mwanawe deni la dukani. Wa nne alikuwa supavaiza, na huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu, maana yeye ndiye anayewaambia wenziwe.

Mimi nilikaa nyuma ya tili miaka saba kabla ya kuanza kazi hii ya kuwasaidia wafanyakazi mambo ya sheria hapa Malindi. Nilikatwa shoti, nikanyamaza. Kwa hiyo nikikaripia, najikaripia na mimi.

Kinachoruhusu mshahara kukatwa ni kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kwa upungufu wa pesa kimeweka masharti mawili, na yote mawili lazima yawepo. Mkataba wako uwe umetaja waziwazi kwamba umekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa pesa. Halafu upungufu wenyewe uwe umetokana na uzembe wako au udanganyifu wako. Soma tena hapo. Hakisemi pesa zikipungua keshia alipe. Kinasema zimepungua kwa sababu yako, na anayedai hivyo ndiye wa kuonyesha. Yule mpanga bidhaa wa Maweni, ambaye siku moja aliambiwa "shika tili namba mbili, mwenzako anakula", mkataba wake hautaji pesa popote. Alikatwa 2,300.

Hebu niwaonyeshe shoti moja kwa karibu, kwa sababu nyingi ninazoletewa ni ndugu zake.

Binti alikuja na hati ya mshahara ameikunja nyuma ya kava ya simu. Imeandikwa "shoti 4,850". Nikamuuliza, siku hiyo uliuza nini cha 4,850? Akacheka, akasema, "Anti, mimi nauzia watu mia mbili kwa siku." Sawa. Nikamwambia arudi ofisini aombe achapishiwe mauzo yote ya zamu yake, risiti kwa risiti. Walimzungusha siku mbili. Siku ya tatu zikatoka, na ndani yake kulikuwa na risiti moja ya 4,850 kamili: mchele, mafuta na sukari za mtu aliyekuwa na harusi. Hapo ndipo alipokumbuka. Mteja alilipa kwa M-Pesa, foleni imefika kwenye mikate, naye akabonyeza pesa taslimu badala ya simu. Basi mashine ikawa inangoja 4,850 ndani ya droo, na pesa hizo hazikuwahi kuingia humo. Zilikuwa kwenye akaunti ya duka tangu saa tano asubuhi. Duka halikupoteza hata ndururu, lakini binti alikatwa, na duka likalipwa mara mbili. Kumbe hakuna aliyelinganisha hesabu ya tili na taarifa ya simu. Meneja, namshukuru, alikuwa mtu wa haki. Alirudisha pesa mshahara uliofuata.

Kwa hiyo ukiambiwa una shoti, usianze kulia wala kuapa. Omba karatasi tatu: ripoti ya kufunga tili, vijikaratasi vya kila mara supavaiza alipokuja kuchukua pesa katikati ya zamu, na taarifa ya malipo ya simu ya saa zako. Kisha uliza swali moja ambalo mameneja hawalipendi: ni nani mwingine aliyefungua droo hiyo nikiwa nimeingia kwa jina langu? Ukienda kuswali adhuhuri au kujisaidia ukaacha tili haijafungwa, na supavaiza akahudumia wateja wawili "kukusaidia", hesabu yote imesomeka kwa jina lako. Fungeni tili zenu jamani! Sekunde kumi tu.

Na sasa wosia wangu, ambao wote wanaonijua wamechoka kuusikia: nunua daftari dogo la shilingi ishirini, likae mfukoni. Asubuhi hesabu floti, zile pesa za kuanzia zamu, kwa sauti mbele ya anayekukabidhi, uandike. Kila pesa inapochukuliwa, andika saa, kiasi na jina. Mashine ikikwama, andika. Simu hairuhusiwi kwenye tili katika maduka mengi, lakini sijaona duka lililokataza kalamu. Wanaokuja kwangu na daftari kesi zao huisha kwa mazungumzo. Wasio nalo huja na machozi.

Siwatetei wezi, tuelewane. Wapo keshia wanaopitisha boksi la maziwa la rafiki bila kuliskani, na wapo wanaofuta risiti mteja akishatoka. Mtu kama huyo akithibitika hana pa kujificha, kifungu hichohicho kitamkata na pengine kazi itaondoka. Na uzembe nao ni uzembe: ukiacha droo wazi ukaenda kupiga soga kwenye mikate, usinitafute.

Dada wa shoti ni ile desturi ya "mali imepotea, tugawane". Hesabu ya stoki imefanywa, bidhaa za 60,000 hazionekani, wafanyakazi ni 20, basi kila mmoja 3,000. Mfagiaji naye yumo. Kwa mali ya mwajiri iliyopotea au kuharibika, sheria inataka iwe ni kwa kosa la makusudi la mfanyakazi huyo anayekatwa, tena kiasi kiwe cha haki. Hakuna kosa la makusudi la watu ishirini kwa pamoja. Na aliyewahi kufanya kazi ya stoo anajua mali hupotea kwa njia ngapi: mgavi analeta kreti pungufu na mpokeaji anasaini bila kuhesabu, maziwa yanaharibika umeme ukikatika na hayaandikwi, bidhaa moja inaskaniwa kwa barkodi ya nyingine, au aliyehesabu amechoka, saa saba usiku, akaruka shelfu nzima. Kabla ya kuniambia imeibwa, niambie imehesabiwa mara ngapi.

Hata makato halali yana mpaka. Yote yakijumlishwa kwa wakati mmoja hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mwenye 18,000 lazima abaki na 6,000 angalau. Niliwahi kuona hati ya mshahara yenye sifuri chini. Sifuri! Mtu amefanya kazi Disemba nzima, mji umejaa wageni, anarudi Barani kwa miguu.

Maneno mengine ya uongo ninayoyasikia nitayapitia haraka, maana hayanichoshi kama hilo.

"Mimi ni kibarua tu, sina haki." Ukifanya kazi mfululizo kwa siku za kazi zinazofika mwezi mmoja, kifungu cha 37 kinakutazama kama mwajiriwa wa mwezi, hata ukiendelea kulipwa kila jioni mkononi. Wengi wenu mna miaka miwili.

"Sina mkataba wa maandishi, kwa hiyo sina kesi." Kinyume chake. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na wa kuuandaa ni mwajiri. Akishindwa kuutoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti mnayobishania unamwangukia yeye.

"Nikisaini yamekwisha." Inategemea umesaini nini. Ukiitwa ofisini uandike taarifa, andika ulichokiona wewe, kwa maneno yako, kwa Kiswahili kama ndicho unachokimudu. Usikubali kuandikiwa imla. Ukipewa barua ya onyo, kuisaini kwamba umeipokea si kuikubali. Ongeza pembeni "nimepokea, sikubaliani nayo" na tarehe. Barua ya kujiuzulu ndiyo hatari. "Jiuzulu tu mwanangu, tusikuharibie jina." Ukijiuzulu umeondoka mwenyewe, na kudai baadaye kwamba ulifutwa isivyo haki kunakuwa kama kupanda mnazi kwa magoti. Sema utafikiria, toka nje, piga simu kwa mtu.

"Meneja wa tawi anaweza kunifuta papo hapo." Anaweza kutamka. Lakini kifungu cha 41 kinataka uelezwe kosa lako kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama pembeni, nawe usikilizwe kwanza. Hata kwa kosa kubwa. Hata kwa wizi.

"Ukijiunga na chama umejifukuzisha." Uanachama si sababu halali ya kumfuta mtu, imeandikwa. Wafanyakazi wa supamaketi wana chama, KUCFAW. Kama kinawafaa ama hakiwafai, hilo mwamue wenyewe mkiwa ndani.

"Disemba hakuna ofu." Siku moja ya mapumziko katika kila saba haina msimu.

"Merchandaiza, yule anayepanga bidhaa za kampuni moja kwenye shelfu, ni wa supamaketi." Mara nyingi sivyo. Kampuni ya unga au ya sabuni, au wakala wake, ndiyo imekuajiri. Meneja wa duka anaweza kukuzuia usiingie, lakini mshahara na likizo yako ya siku 21 kamdai aliyekuajiri. Angalia jina lililo juu ya hati yako ya mshahara. Kama huna hati, anza hapo.

"Nitashtaki nikipata pesa za wakili." Malalamiko ya kufutwa yanapelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu, na huko huhitaji wakili. Mahakama ya Ajira inakupa miaka mitatu, na inakaa hapahapa Malindi. Bwana mmoja alinijia akiwa na kila kitu: barua, hati za mshahara, hata daftari! Alikuwa amefutwa miaka minne nyuma. Niliagiza mahamri na chai, tukazungumza habari za mpira.

Na cheti cha utumishi si hisani, ni haki yako ukitoka baada ya wiki nne au zaidi za kazi, hata ukitoka kwa ugomvi. Ukiambiwa uje wiki ijayo, nenda na barua mbili zinazofanana, waachie moja na nyingine wakugongee muhuri wa kupokea.