Abu Ubaida bin al-Jarrah, jemadari aliyebaki na jeshi lake

Ukitaja kufunguliwa kwa Shamu (Syria na nchi jirani zake) na majeshi ya Waislamu, jina linalowatoka watu kwanza ni Khalid bin Walid. Ni haki yake. Lakini Khalifa Umar bin Khattab alimvua Khalid uamiri akamkabidhi mtu mwingine, mwembamba wa mwili na mpole wa maneno, ambaye kwa maoni yangu tunamsoma kidogo mno: Abu Ubaida Amir bin al-Jarrah.

Alikuwa Mkureshi, miongoni mwa waliosilimu mwanzoni kabisa. Katika vita vya Uhud, pete mbili za chuma za kofia ya vita zilizama shavuni mwa Mtume (S.A.W.). Abu Ubaida alizing'oa kwa meno, moja baada ya nyingine, na kila pete ikatoka na jino lake la mbele. Mtume alimwita mwaminifu wa umma huu.

Namna yake ya kuongoza inaonekana vizuri katika msafara wa pwani ya Bahari ya Shamu (Bahari Nyekundu), alipokuwa na watu 300. Chakula kilipopungua aliamuru akiba ya kila mmoja ikusanywe pamoja, akawa anaigawa mwenyewe kidogo kidogo, hadi mgawo ukafika tende moja kwa mtu kwa siku. Jabir bin Abdullah, aliyekuwemo, alisimulia kwamba zilipokwisha ndipo walipojua thamani ya hiyo tende moja. Baadaye bahari ikawatupia samaki mkubwa mno, wakala nyama yake kwa siku nyingi.

Mwaka 639 (18 Hijria) tauni ililipuka Amwas, Palestina, ikasambaa Shamu. Umar alikuwa njiani kwenda huko, akafika Sargh, mpakani mwa Hijazi na Shamu, na maamiri wakaja kumpokea wakamweleza habari za tauni. Alipoamua kurudi Madina, Abu Ubaida akamuuliza: unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akafika sahaba Abdurrahman bin Auf na hadithi aliyoisikia kwa Mtume: mkisikia tauni iko katika nchi, msiingie, na ikizuka mkiwa humo, msitoke kwa kuikimbia.

Watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba Umar alishinda mjadala. Mimi naiona hadithi ileile ikiwaelekeza wote wawili: ilimrudisha Umar, na ilimweka Abu Ubaida alipokuwa.

Umar akamwandikia kwamba ana haja naye, aje upesi. Abu Ubaida alielewa kuwa khalifa anataka kumwokoa. Akajibu kwamba yuko ndani ya jeshi la Waislamu na hawezi kuitanguliza nafsi yake mbele yao, akaomba aachiliwe na amri hiyo. Umar aliposoma alilia, hata waliokuwepo wakauliza kama Abu Ubaida amefariki.

Barua ya pili ilimtaka awahamishe watu kutoka bonde lenye unyevu hadi nchi ya juu yenye hewa safi. Hapo alitii. Inasimuliwa kwamba alipotia mguu kwenye kikuku apande mnyama wake, akahisi ugonjwa umeshamshika.

Alifariki katika bonde la Yordani. Sahaba Muadh bin Jabal alishika nafasi yake, naye tauni ikamchukua. Ndipo Amr bin al-As, aliyeshika uongozi baada yake, alipowatawanya watu milimani, na tauni ikaondoka.