Rozela haiongezi damu, ila ina faida zake

Siku hizi mjamzito akiambiwa kliniki kwamba damu imepungua, ushauri wa kwanza anaokutana nao mtaani ni kunywa rozela. Shoga atamwambia, mama mkwe atamwambia, na muuza juisi ndiye atakayesisitiza zaidi. Hoja yao ni ile rangi: kinywaji ni chekundu, basi kitaleta damu.

Sisi maafisa lishe tunalisikia hili mara kwa mara, na jibu ni hapana. Wekundu wa rozela hutokana na anthosayanini, rangi ya mimea iliyomo pia kwenye zambarau. Wekundu wa damu hutokana na himoglobini, ambayo mwili huitengeneza kwa madini ya chuma, protini, foliki asidi na vitamini B12. Watafiti walilijaribu dai hili kwa watu wazima wilayani Mkuranga, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 hayakutoa ushahidi wa kutosha kwamba rozela inaboresha kiwango cha chuma mwilini. Mjamzito aliyepewa vidonge vya chuma avimeze. Rozela yenyewe tunamshauri aiache hadi ajifungue, kwa kuwa usalama wake kwa mimba haujathibitishwa na baadhi ya majaribio kwa wanyama yametia shaka.

Kwa wengine wengi, ni kinywaji kizuri. Mmea wake, Hibiscus sabdariffa, ambao baadhi yetu tunauita choya, ni wa ukoo mmoja na bamia na pamba. Msiuchanganye na lile ua kubwa jekundu linalopandwa kuwa uzio wa nyumba. Tena, ingawa tunasema chai ya maua, kinachokaushwa si ua lenyewe. Ua huchanua na kunyauka upesi, likaacha kikombe chenye nyama kinachofunika mbegu. Hicho ndicho kinachovunwa, kikatolewa mbegu na kuanikwa. Ni vema kianikwe kivulini penye upepo, maana jua kali hupausha rangi.

Wasudani ndio wenyewe hasa. Karkade, kama wanavyoiita, hulimwa sana Kordofan na Darfur, na mgeni hukaribishwa nayo, ya moto au ya baridi. Misri utaikuta hata harusini. Senegali inaitwa bissap na aghalabu hutiwa nanaa; Nigeria ni zobo, Ghana sobolo, na Jamaika ni kinywaji cha Krismasi chenye tangawizi. Kwetu Tanzania umaarufu wake mijini umekuja zaidi na wajasiriamali, hasa wa Dodoma, wanaoigeuza juisi, jamu na mvinyo. Pita mabanda ya Nanenane uone.

Faida iliyopimwa vizuri zaidi ni kwenye presha. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, watu wazima 65 waliokuwa na presha iliyoanza kupanda walipewa vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6. Baadhi walipewa rozela, wengine kinywaji kilichofanana nayo tu. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa takribani 7 kwa wanywaji wa rozela, na 1 kwa wenzao. Yaani mwenye 138 angetarajia 131 hivi. Hiyo ni nafuu ya kweli, lakini kwa mwenye 180 haimwokoi, na hakuna sababu ya kuacha dawa. Anayemeza vidonge vya presha amwambie daktari kwamba anakunywa rozela, kwani viwili hivyo pamoja vinaweza kuishusha kupita kiasi.

Kuitengeneza ni rahisi, ila tazama chombo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na rozela ina uchachu mkali unaoweza kung'oa madini ya chombo yakaingia kwenye kinywaji. Tumia sufuria ya stili, birika la udongo au jagi la kioo. Suuza rozela haraka kuondoa mchanga. Chemsha maji, epua, tia kijiko kimoja kikubwa cha rozela kwa kila kikombe, funika dakika 5 hadi 10, kisha chuja. Hakuna haja ya kuiacha itokote nusu saa. Ukipenda, weka tangawizi, iliki au mdalasini. Anayetaka ya baridi aloweke usiku kucha kwenye friji kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Mimi naona hii ndiyo tamu zaidi, haichachi sana. Imalize ndani ya siku 2 au 3.

Sukari ndiyo inayoharibu mambo. Juisi nyingi za mitaani hutiwa sukari mpaka uchachu upotee, na anayeinywa kwa ajili ya presha hujikuta ananenepa, akairudisha presha ileile. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kinatosha. Ukimaliza kunywa, sukutua kwa maji, wala usikimbilie mswaki papo hapo, kwa kuwa asidi hulainisha meno kwa muda.

Kama unashuku juisi uliyonunua ni rangi tupu, mimina kidogo kwenye glasi na utie chembe za magadi, yale yale ya kuivishia maharage. Rozela halisi hugeuka kuwa ya samawati au kijani. Ikibaki nyekundu vilevile, badilisha muuzaji.