Kuchomoa betri ya saa hakufuti nenosiri la BIOS

"Chomoa ile betri ya duara, subiri nusu saa, nenosiri litafutika." Ushauri huu ulifaa kompyuta za mezani za zamani, zilizotunza nenosiri la BIOS (programu ya kwanza kuwaka kabla ya Windows) kwenye kumbukumbu inayotegemea betri hiyo ya volti 3. Kompyuta mpakato nyingi za sasa hulihifadhi kwenye chipu isiyohitaji umeme. Ukichomoa betri, kinachopotea kwa kawaida ni saa na tarehe, na unaweza kukata utepe mwembamba wa kibodi ukifungua mashine bure. Kufomati diski nako hakusaidii. Nenosiri haliko huko.

Nenosiri likikataliwa, kabla ya bisibisi, shuku kibodi. BIOS haifuati lugha uliyochagua kwenye Windows. Mara nyingi husoma herufi kwa mpangilio wa Kimarekani, hivyo kwenye kibodi ya Kifaransa ukibonyeza A inaingia Q. Num Lock nayo, kwenye baadhi ya kibodi ndogo, hugeuza J, K, L kuwa 1, 2, 3.

Ukikosea mara 3, mashine nyingi hujifunga: zima kabisa, uwashe upya. Ikionyesha msimbo, unakili ulivyo, umpelekee mtengenezaji pamoja na risiti ya ununuzi.