Kukokotoa pH asidi dhaifu inapokutana na besi kali

Asali ya Tabora ina asidi, hasa asidi ya glukoni. Anayetaka kujua ni kiasi gani huidondoshea hidroksidi ya sodiamu, besi kali, huku akisoma mita ya pH, kipimo cha uasidi. Hasimami kwenye 7, pasipo na asidi wala besi. Huendelea mpaka 8 na ushei. Sababu imo kwenye hesabu, na hesabu hii huwashinda wengi kwa kuwa wanataka fomula moja iwafikishe mwisho. Haipo. Kila unapoongeza besi, jiulize kwanza: kwenye chupa kumebaki nini?

Asali ina asidi za aina nyingi, kwa hiyo tutumie asidi ya siki, asidi asetiki: mL 25 zenye moli 0.1 kwa lita. Ka yake, namba inayoonyesha asidi inavyoachia H⁺ majini, ni 1.8 × 10⁻⁵; pKa, yaani −log Ka, ni 4.74. Besi kwenye bureti, mrija wenye vipimo wa kudondoshea, nayo ni moli 0.1 kwa lita.

Kabla ya tone la kwanza kuna asidi tu: [H⁺], yaani moli za H⁺ kwa lita, ni √(Ka × 0.1), na pH, yaani −log [H⁺], ni 2.87.

Ukishamwaga mL 20, usikimbilie logi. Anza na moli. Asidi ilikuwa milimoli 2.5 (mL 25 × 0.1), besi imekula 2, imebaki 0.5, iliyoliwa imegeuka asetati, yaani asidi iliyopoteza H⁺ yake, milimoli 2. Basi pH = pKa + log(asetati ÷ asidi) = 4.74 + log(2 ÷ 0.5) = 5.34. Ujazo huna haja ya kuuingiza, maana vyote viwili vimo kwenye maji yaleyale. Na kwenye mL 12.5, asidi na asetati zikiwa sawa, logi ni 0: pH ndiyo pKa yenyewe. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote, kwa sababu namba ya kwenye jedwali la kitabu unaisoma kwenye mita kwa macho yako.

Kwenye mL 25 asidi imekwisha, na wengi huandika 7. La hasha! Imebaki asetati, milimoli 2.5 ndani ya mL 50, nayo ni besi dhaifu: huyanyang'anya maji H⁺, ikaacha OH⁻. Kb, namba ya nguvu ya besi kama Ka ilivyo kwa asidi, = 10⁻¹⁴ ÷ Ka = 5.6 × 10⁻¹⁰; [OH⁻] = √(Kb × 0.05) = 5.3 × 10⁻⁶, pH = 14 + log [OH⁻] = 8.72. Ndiyo maana, kati ya viashiria, rangi zinazobadilika kwa pH, tunatumia fenoftalini, inayoanza kuwa ya waridi karibu na 8.2. Methili oranji humaliza kubadilika kwenye 4.4, wakati zaidi ya nusu ya asidi bado imo.

Ukizidisha mL 1 tu, besi ya ziada ndiyo inayotawala: milimoli 0.1 ndani ya mL 51, pH 11.29.