Je, wajua? Noti ya muziki haina sekunde ndani yake

Anayeanza kujifunza udi, ile ala ya nyuzi, kwa kusoma noti, Lamu kama kwingineko, huamini upesi kwamba kila umbo lina muda wake: duara tupu ni sekunde 4, jeusi lenye mguu ni sekunde 1. Sivyo. Unaweza kukariri maumbo yote na bado usijue wimbo utachukua dakika ngapi, maana umbo la noti halitaji muda. Linataja fungu tu.

Chukua mkate wa sinia. Ukiukata vipande vinne, kila kimoja ni robo, lakini robo ya sinia kubwa hushibisha na robo ya sinia dogo ni ya kuonja. Noti nzima ni mkate wote; ya nusu, ya robo na ya thumuni, yaani moja ya nane, ni vipande vyake. Ukubwa wa sinia ndio mwendo wa wimbo. Mapigo yakiwa 60 kwa dakika, kila pigo robo moja, robo huchukua sekunde 1 na noti nzima sekunde 4. Ongeza mwendo hadi 120: noti nzima ileile ni sekunde 2, na robo sasa ina urefu wa thumuni ya mwanzo. Kwenye karatasi hakuna umbo lililobadilika. Kabla ya fundi Maelzel kupata hataza ya metronomu, chombo cha kuhesabu mapigo, mwaka 1815, mwendo uliandikwa zaidi kwa maneno, kama “polepole” au “kwa wepesi”.

Wengine hudhani noti iliyojaa wino ni nzito, basi ni ndefu. Ni kinyume, na hapa ndipo penye utamu. Duara tupu ndilo refu. Lipe mguu, limebaki nusu. Lijaze wino, robo. Litie mkia, thumuni. Mkia wa pili, nusu thumuni. Kila wino ukiongezeka, muda unapungua. Nukta ya pembeni tu ndiyo huenda kinyume: huongeza nusu ya muda wa noti, hivyo robo yenye nukta ni sawa na thumuni tatu.

Ila fungu linahitaji pigo. Kasida ya Maulidi inayopigiwa matari ina pigo la wazi, na noti huimudu, iwe ya taratibu au ya kasi. Taksimu ya udi, yaani upigaji wa kubuni papo hapo, haina pigo la kudumu. Mpigaji hukaa kwenye sauti moja apendavyo. Anayeiandika hulazimika kukadiria mafungu ambayo mpigaji mwenyewe hakuyahesabu.